Je, Moto Huu Ulitoka Mbinguni?

Aliye na Biblia karibu naye na aifungue Injili ya Luka mlango wa 13, asome aya tano za kwanza, kisha aiache wazi mezani. Tutafika hapo baadaye. Jioni hii nataka twende pamoja mpaka York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, tukaliangalie kanisa kuu lililoshika moto mwaka 1984. Moto wenyewe ulizimwa upesi. Maneno ya watu juu ya moto ule yaliendelea kwa muda mrefu, na hayo ndiyo ninayotaka tuyasikilize, kwa kuwa maneno ya namna ile husemwa hata kwetu, wala hayajakoma.

Kanisa hilo huitwa York Minster. Habari zake ni za kale sana. Mwaka 627, siku ya Pasaka, mfalme Edwin alibatizwa katika mji huo ndani ya kanisa dogo la mbao lililojengwa upesi kwa ajili ya siku ile. Kanisa la mawe lililopo leo lilianza kujengwa katika karne ya 13. Wajenzi walikufa, wana wao wakafa, wajukuu wakaendelea, hata mwaka 1472 likawekwa wakfu. Limejengwa kwa mfano wa msalaba, lina mnara mkubwa katikati pale mikono ya msalaba inapokutana. Juu katika ukuta wa mkono wa kusini liko dirisha la mviringo ambalo watu huliita Dirisha la Waridi. Maua mekundu na meupe ya vioo vyake yakumbusha ndoa iliyopatanisha jamaa mbili za kifalme zilizokuwa zimemwaga damu ya nchi kwa miaka mingi.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 9 Julai 1984, baada ya saa nane, paa la mkono ule wa kusini lilionekana likiwaka. Wazima moto zaidi ya 100 walikusanyika. Makasisi na watumishi wa kanisa waliingia ndani wakaanza kutoa nje vitu vya thamani, huku moto ukivuma juu ya vichwa vyao. Hatari kubwa ilikuwa mnara wa katikati. Kama moto ungevuka na kuushika mnara, kanisa lote lingekwenda. Basi wazima moto wakafanya jambo gumu: wakayaelekeza maji yao juu ya paa lile lile lililokuwa likiungua, maji mengi mno, mpaka likalemewa likaanguka. Boriti za mkono wa kusini zikaporomoka hadi sakafuni kwa kishindo, zikalala pale nyeusi zikitoa moshi. Lakini mnara ulisalimika, na kanisa lililobaki likasalimika pamoja nao.

Kulipopambazuka watu wa mji walikuja wakasimama kutazama. Wengi walilia. Hilo twaweza kulielewa bila maelezo. Lakini yalikuwepo mambo mengine yaliyoufanya moto huu usiwe kama mioto mingine.

Siku tatu tu kabla yake, Ijumaa tarehe 6 Julai, katika kanisa lile lile, mtu mmoja aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Durham. Jina lake David Jenkins, profesa wa elimu ya dini katika chuo kikuu cha Leeds. Mwezi wa Aprili alikuwa amehojiwa katika televisheni, naye akasema maneno juu ya kuzaliwa kwa Bwana Yesu na bikira, na juu ya kufufuka kwake, ambayo yaliwaumiza Wakristo wengi. Zaidi ya watu 12,000 walitia sahihi zao katika ombi la kumtaka Askofu Mkuu wa York, John Habgood, asimweke wakfu. Askofu Mkuu hakukubali. Siku ilipofika, watu kadhaa walipaza sauti zao kanisani kupinga, ibada ikaendelea, na Jenkins akawa askofu. Ijumaa hiyo. Jumatatu alfajiri, paa likaanguka.

Waweza kukisia yaliyofuata. Barua zilimiminika kwa wahariri wa magazeti. Wengine waliandika wakamkumbusha Askofu Mkuu habari za Eliya na manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli. Je, Mungu angesema kwa sauti gani zaidi ya hii? Wakati huo huo baadhi ya watu wa York walisimulia kwamba usiku ule waliona umeme ukimulika juu ya kanisa bila kusikia ngurumo, jambo ambalo liliwatia watu hofu zaidi. Na wenye dhihaka nao hawakukosa la kusema. Waliuliza mbona Mungu alikosea shabaha kwa siku tatu, na mbona alilipiga kanisa la York wakati askofu mwenyewe alikuwa wa Durham, mwendo wa kilomita mia hivi kuelekea kaskazini.

Askofu Mkuu Habgood alijibu. Alisema kwamba lililomsumbua ni namna ya ulimwengu ambao waandishi wa barua zile walitaka turudi ndani yake. Naye Askofu Mkuu wa Canterbury, Robert Runcie, alipokuja kulitazama kanisa alisema ni kama muujiza kwamba moto haukupita mkono ule wa kusini. Hapo wenye dhihaka walipata nafasi nyingine: ikiwa Bwana ndiye aliyeokoa sehemu iliyobaki, nani aliyeichoma sehemu iliyoungua? Swali hilo si la kipumbavu, ndugu zangu. Anayehesabu vilivyookoka lazima siku moja aulizwe habari ya vilivyoteketea. Lakini mimi nadhani Runcie alikuwa akishukuru tu, kama ashukuruvyo mtu aliyetolewa mtoto mmoja hai katika nyumba inayowaka. Mtu wa namna hiyo hatoi hoja.

Wachunguzi nao walifanya kazi yao kwa miezi. Hatimaye walisema uwezekano kwamba ni radi ni asilimia 80, kwamba mtu aliwasha ni asilimia 10, na kwamba ni hitilafu ya umeme wa waya ni asilimia 10. Kwa hiyo hata hiyo radi yenyewe, ambayo wengi waliijengea mahubiri marefu, haikuwa na hakika kamili.

Sasa nataka nijieleze, ili asiwepo atakayenielewa vibaya. Mimi naamini kwamba Bwana wetu alizaliwa na bikira Mariamu, na kwamba siku ya tatu kaburi lake lilikuwa tupu. Katika mabishano yale ya mwaka 1984 nisingesimama upande wa Profesa Jenkins. Basi kama moto ule ulikuwa sauti ya Mungu, ulikuwa ukisema kwa faida yangu. Na hiyo ndiyo sababu inayonifanya niutazame kwa tahadhari. Ushahidi unaompendeza mtu ndio anaopaswa kuupima mara mbili.

Siwezi kusema Mungu hana moto. Maandiko yanao: Sodoma, na wana wa Haruni katika Walawi mlango wa 10, na huo wa Karmeli wenyewe. Lakini angalia vizuri habari ya Karmeli. Eliya alisimama mbele ya watu wote, moto haujashuka, madhabahu imelowa maji, akasema Mungu atakalofanya. Kisha likafanyika. Pale York hakuna nabii aliyesimama Alhamisi akasema, siku fulani mkono wa kusini utaungua. Wote walianza kutabiri Jumatatu, majivu yakiwa tayari sakafuni. Kutabiri jambo lililokwisha kutukia si kazi ngumu. Na tukisoma mlango wa 19 wa kitabu kile kile cha Wafalme wa Kwanza, Eliya yule yule anasimama mlimani, unapita moto, na Biblia yatuambia kwamba Bwana hakuwamo katika moto ule.

Liko pia neno katika kitabu cha Ayubu ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Mlango wa kwanza, aya ya 16. Mtumishi anakuja mbio kumwambia bwana wake kwamba moto wa Mungu umeanguka kutoka mbinguni ukateketeza kondoo na wachungaji. Moto wa Mungu! Yule mtumishi hakuwa mwongo, alisema alivyoona. Lakini sisi tunaosoma tumekwisha kuambiwa, aya chache kabla, ni mkono wa nani uliotoka kumdhuru Ayubu. Basi mtu wa kwanza katika kitabu kile kuueleza moto huo aliueleza kwa makosa. Na rafiki watatu wa Ayubu waliofuata hawakufanya vizuri kuliko yeye.

Kanisa la York lenyewe lina kisa cha zamani kinachoonyesha hakika ya namna ile yaweza kumfikisha mtu wapi. Jumapili tarehe 1 Februari 1829, mtu mmoja aitwaye Jonathan Martin alihudhuria ibada ya jioni, na watu walipotoka akabaki amejificha nyuma ya kaburi la askofu mmoja wa zamani. Martin alikuwa akizunguka akihubiri, na alikuwa na hasira juu ya makasisi wa kanisa kuu, ambao yeye aliwaona ni watu wa mvinyo na vinono. Alikuwa amekwisha kuwaachia barua za kuwaonya kwamba hukumu inakuja. Aliota ndoto, akaamini Mungu amemwagiza. Usiku ule alikusanya matakia na vitabu vya sala akavifanya rundo, akawasha moto, akatoka dirishani kwa kamba ya kengele.

Asubuhi yake kijana mmoja wa kwaya aliteleza juu ya barafu karibu na kanisa, akaanguka chali, na akiwa amelala hivyo akitazama juu akaona moshi unatoka katika paa. Ndivyo moto ulivyogunduliwa. Viti vya kwaya vilivyochongwa kwa mikono ya mafundi wa kale viliteketea, pamoja na kinanda kikubwa na paa la sehemu ile. Martin alikamatwa siku chache baadaye. Mahakama iliona kuwa hana akili timamu, akawekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko London mpaka alipokufa mwaka 1838.

Naomba tusimcheke. Alikuwa mgonjwa. Lakini ona jinsi safari ilivyokuwa: kwanza alikuwa na hakika kwamba Mungu amewakasirikia wale makasisi, kisha alikuwa na hakika kwamba hasira hiyo itakuja kwa moto, na moto ulipokawia akauleta yeye. Waandishi wa barua za mwaka 1984 hawakuwasha kitu, wala sisemi wangeweza. Nasema tu kwamba Yakobo na Yohana, mitume wenyewe, walianza njia ile ile katika Luka mlango wa 9, walipokinyimwa makao kijiji cha Wasamaria na wakataka kuamuru moto ushuke kutoka mbinguni. Bwana aliwageukia akawakemea, wakaenda kijiji kingine.

Na mwaka 1840 kanisa hilo hilo liliungua tena, paa la sehemu kubwa wanapokaa waumini. Safari hiyo ilikuwa ni mshumaa ulioachwa na fundi aliyekuwa akitengeneza saa mnarani. Hakuna aliyepata mahubiri makubwa katika mshumaa wa fundi saa.

Tuondoke Uingereza kidogo, tuje hapa jirani, Uganda. Tarehe 23 Septemba 1910 radi ililipiga kanisa kuu la Namirembe, lililokuwa na kuta za matofali na paa la nyasi. Liliwaka likaisha. Lilikuwa limewekwa wakfu mwaka 1904 tu. Kilima kile hakikuwa kigeni kwa hasara: kanisa moja la mbele yake liliangushwa na tufani mwaka 1894, na jingine liliharibiwa na mchwa. Hapo ndipo ilipozikwa mwaka 1892 mifupa ya Askofu Hannington, yule shahidi aliyeuawa Busoga mwaka 1885, ambaye kabla ya kufikishwa huko mabaki yake yalikaa kwanza upande wetu wa Mumias. Na askofu wa wakati wa moto, Alfred Tucker, ni mtu aliyetaka sana Waafrika wapewe sauti katika kanisa lao wenyewe.

Sasa niambie, radi ile ilimhukumu nani? Shahidi? Maskini aliyefyatua matofali? Ikiwa radi ya York ilikuwa barua kutoka mbinguni, basi radi ya Namirembe nayo ilikuwa barua, na mimi sijui tuisomeje. Waganda walijenga upya. Kazi ilianza mwaka 1915, vita kuu vikiendelea duniani, ikakamilika mwaka 1919, na kanisa lile lenye kuba liko pale kilimani hata leo. Safari hii hawakuezeka nyasi. Hilo ndilo somo moja la radi ambalo lilikuwa wazi kwa kila mtu.

Kisa hiki si cha wazungu wala cha Waganda peke yao. Wasikilizaji wangu wa Kisii na Kakamega mwaijua radi kuliko mimi. Nchi zenu ni za mvua na milima, na kila msimu radi huua watu na ng'ombe, hupiga nyumba, hupiga shule. Na kabla ya maiti kuzikwa, maneno huanza: ni nani aliyeituma? Boma hili limekosa nini? Mjane aliyepoteza mume na nyumba katika dakika moja anaona watu wanapita mbali na ua wake. Waliokuja matanga wanakaa ukingoni. Watoto wake wanatazamwa kwa jicho la pembeni shuleni. Radi imempiga mara moja; majirani wanaendelea kumpiga mwaka mzima. Na wengi wa majirani hao ni watu wa kanisa, wanaimba pamoja nasi Jumapili.

Basi sasa Luka 13. Watu walimletea Bwana Yesu habari ya Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa katika kutoa dhabihu. Yeye mwenyewe akaongeza habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18 wakafa. Akawauliza kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kupita wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe, hapana. Kisha akawageuzia neno wao waliokuwa wakiuliza, kwamba wasipotubu wao nao wataangamia. Ona alivyofanya. Hakusema ajali hazina maana yoyote kwetu. Hakusema pia maana yake iko juu ya wale waliofunikwa na mawe. Aliichukua hukumu kutoka juu ya maiti akaiweka mbele ya wasimuliaji.

Tumeona mambo hayo tena katika siku zetu. Tarehe 15 Aprili 2019, Jumatatu ya Juma Takatifu, kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris liliwaka, mnara wake mwembamba ukavunjika mbele ya macho ya dunia nzima. Watu walipiga magoti barabarani wakiimba sala. Lakini usiku ule ule, moto haujazimwa, katika intaneti wengine walikuwa wamekwisha kuandika kwamba ni Waislamu, na wengine kwamba Mungu anaiadhibu Ufaransa. Wachunguzi hawakuona dalili yoyote kwamba mtu aliwasha kwa makusudi. Walitaja sigara au hitilafu ya umeme. Walioeneza uvumi hawakurudi kuomba radhi, kama kawaida.

Watu wa nchi zipatazo 150 walichanga, na kanisa likafunguliwa tena mwezi wa Desemba 2024. Kulikuwa na manung'uniko kwamba mamia ya milioni ya fedha yanatolewa kwa mawe huku maskini wana njaa, na manung'uniko hayo siyo bure. Lakini lilitokea jambo dogo ambalo mimi nalipenda. Huko Louisiana, Marekani, makanisa matatu ya Wabaptisti weusi yalikuwa yamechomwa na mtu mmoja kati ya tarehe 26 Machi na tarehe 4 Aprili mwaka ule ule. Mchango wao ulikuwa ukienda polepole sana. Notre-Dame ilipoungua watu wakaanza kuambiana, wakumbukeni na wale wa Louisiana, na kwa siku chache mchango ukapita dola milioni 2. Waliotoa hawakueleza moto ule ulikuwa na maana gani.

Turudi York tumalizie. Dirisha la Waridi lilikuwa limepasuka mahali kama 40,000, lakini halikuanguka. Mafundi waliliteremsha, wakaunganisha vipande kwa gundi, wakaviweka katikati ya vioo viwili safi, wakavirudisha mahali pake. Kazi yote iligharimu pauni milioni 2 na robo, paa jipya likajengwa kwa mialoni, na mwaka 1988 mkono wa kusini ulikuwa tayari. Pale boriti zinapokutana katika dari huwekwa mafundo ya mbao yenye michongo. Michongo sita kati ya hiyo ilitokana na shindano la watoto katika televisheni. Ukiinua macho pale leo, katika dari la kanisa la kale, utaona mtu akitembea mwezini, na nyangumi.

Muda wetu umekwisha. Bwana akipenda tutakutana juma lijalo, wakati kama huu. Kwaherini.